Shajara ya mradi: kuokoa majina kwenye mashine tatu za gemu za zamani

Siku ya 1

Naanza kuandika leo kwa sababu kazi ishaanza na nisipoandika sasa hivi ntasahau nini nimegusa na nini sijagusa, na kwenye kazi ya kuokoa kumbukumbu ukishasahau ulichogusa umeharibu nusu yake. Mashine ziko tatu, zote za mzee mmoja: Defender ya Williams ya 1981, Centipede ya Atari ya mwaka huohuo, na Pac-Man ya Namco ya 1980. Anataka zote ziwake, ila kilichomleta hasa ni Defender. Aliniambia hivi: "Mwanangu, kwenye orodha ya hiyo mashine kuna herufi tatu za dada yangu. Yeye alishatangulia. Mashine haijawashwa miaka sita, na usiiwashe mpaka uwe na uhakika na unachofanya."

Nimeyaandika hayo maneno kwenye karatasi nikayabandika juu ya meza.

Kwa anayesoma na hajawahi kuzifungua hizi mashine: rekodi za pointi, haiskoo tunavyoziita, hazikai sehemu moja kwa mashine zote. Space Invaders ya 1978 ilikuwa inaonyesha pointi za juu kabisa lakini ukizima umeme imeisha, kesho inaanza sifuri. Asteroids ya 1979 ikakuruhusu kuweka herufi tatu za jina lako kwenye orodha ya watu kumi, kitu ambacho watu walikipenda sana, lakini nayo ukichomoa plagi wote kumi wamefutika. Yaani kulikuwa na watu wamecheza usiku kucha wakaandika jina, asubuhi mwenye duka akawasha mashine na hamna kitu, kama vile hawakuwahi kuwepo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mashine yoyote ni hili, je hii inakumbuka au haikumbuki, na kama inakumbuka inakumbukia wapi?

Defender inakumbuka, na inakumbuka kwa betri.

Siku ya 2

Nimefungua mlango wa nyuma. Betri tatu ndogo za kawaida, zile za AA, zimekaa kwenye kishikio kilichochomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na moja imevuja. Kuna unga mweupe na kutu ya kijani imeshaanza kutembea kwenye njia za shaba. Hii ndo balaa ya bodi za Williams za miaka ile, betri wameziweka juu ya bodi yenyewe, kwa hiyo kitu kilekile kinachotunza majina ndicho kinachokula mashine.

Nimepima zote tatu kwa pamoja nikapata volti 2.71. Mpya zinatakiwa kuwa kama 4.5. Chipu inayotunza orodha ni 5101, memori ndogo sana isiyokula umeme, na toleo lake la kutunzia kwa betri linashikilia data hadi kama volti 2. Kwa hiyo bado tuko upande salama ila ukingo uko karibu, na huenda ningezigusa vibaya tu zile betri zingekatika mguso na ndo ingekuwa mwisho.

Hapa nlikaa karibu saa nzima bila kugusa chochote, nafikiria tu. Kishawishi ni kuchukua umeme wa nje na kuuunganisha kwenye kishikio cha betri, sambamba na hizo zilizopo, halafu utoe za zamani. Usifanye hivyo! Umeme wa nje ukiwa na nguvu kuliko betri zilizochoka unaingia ndani ya betri, unazichaji, na betri za namna hii hazichajiwi, zitavuja zaidi au zipasuke hapohapo juu ya bodi. Nilichofanya ni kuunganisha mbele zaidi, baada ya dayodi ya bodi (kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), upande wa chipu, nikaweka na dayodi yangu mwenyewe katikati, nikapandisha taratibu mpaka mita inasoma 4.5 kwenye mguu wa umeme wa chipu. Sasa chipu inakula kwangu, zile betri hazina kazi tena. Nikazitoa moja moja. Mita haikutikisika.

Nimelala vizuri leo ila waya zote nimezifunga na tepu na nimeandika USIGUSE kwa kalamu nene.

Siku ya 3

Usafi. Maji ya betri za aina hii ni alkali, kwa hiyo kinachoyatuliza ni asidi nyepesi, siki nyeupe inatosha kabisa. Kwa kawaida ningeiosha bodi nzima lakini hii ina umeme juu yake, kwa hiyo ni pamba kwenye kijiti, tone dogo la siki pale penye kutu tu, inatoa povu kidogo, unafuta, pamba nyingine na maji safi kidogo, halafu spiriti ili pakauke haraka. Imechukua siku nzima kwa eneo lisilozidi kiganja. Njia mbili za shaba zimeliwa kabisa, nimeziziba kwa waya mwembamba. Kishikio cha betri nimekikata na kukitoa, hakirudi pale tena.

Siku ya 5

Leo imewashwa.

Kabla ya hapo nimepima pawa saplai peke yake bila bodi, volti 5 iko sawa, nyingine ziko sawa, kebo moja ilikuwa imeungua kwenye plagi nikabadilisha. Halafu nikarudisha bodi, nikawasha. Skrini ikajaa rangi zilizovurugika, hiyo ni mashine inapima memori yake ya kawaida, ikakaa hivyo sekunde kadhaa ambazo mimi nimeziona ndefu kweli, ikasema imejipima na iko sawa.

Sasa Defender ina orodha mbili kwenye skrini moja, watu wanane wa leo na watu wanane wa wakati wote. Kitu cha kwanza macho yangu yalichokutana nacho ni DRJ 21270. Moyo ukashuka. Anayeijua hii gemu anaelewa, DRJ mwenye 21270 ni orodha ya kiwandani, ndo mashine inachokuonyesha ikiwa haina kumbukumbu yoyote. Nikajua tumekosa. Ikachukua muda mpaka nikakumbuka kuwa orodha ya leo inakaa kwenye memori ya kawaida na huanza upya kila ukiwasha, kwa hiyo ni lazima iwe na majina ya kiwandani, ile ya betri ni safu ya pili. Nikaangalia safu ya pili. Ya kwanza sio DRJ. Ya pili sio. Ya tatu: ZNB 187450.

Sikumpigia mzee simu hapohapo, nlitaka kwanza niwe na kitu mkononi. Nimepiga picha. Kwa wanaotaka kupiga picha skrini za zamani za kioo kizito, zima flashi, weka kamera kwenye stendi, na muda wa kufungua lenzi usiwe mfupi kuliko 1/30 ya sekunde, ukiwa mfupi unapata mstari mweusi unakata skrini kwa sababu picha inachorwa kutoka juu kwenda chini na wewe umekamata nusu. Zamani watu walikuwa wanatuma picha za hivi kama ushahidi wa rekodi zao, na nyingi zimeharibika kwa flashi tu, unaona kioo kinang'aa na namba haionekani.

Baada ya picha ndo nikapiga simu. Akauliza, "ZNB?" Nikamwambia ndio mzee, ya tatu. Akanyamaza, halafu akasema asante mwanangu, akakata.

Siku ya 6

Picha peke yake hainitoshi. Picha inaonyesha kilichokuwepo, lakini betri ikifa kesho picha hairudishi kitu kwenye mashine. Nataka namba zenyewe kama zilivyo kwenye chipu.

Nimeazima kwa fundi mwenzangu Fluke 9010A, chombo cha zamani kama mashine zenyewe, kina waya wenye kichwa unachochomeka pale inapokaa prosesa, halafu unakuwa wewe ndo prosesa, unauliza anwani yoyote ya memori na inakujibu. Kuna kichwa cha 6809E, ambayo ndo prosesa ya Defender. Nimezima mashine (chipu bado inakula kwenye umeme wangu wa nje), nimetoa 6809E, nimechomeka kichwa, nimewasha.

Kuna mtego mmoja. Memori ya betri inaonekana kuanzia anwani C400 mpaka C4FF, lakini eneo hilo linagawanywa kwa zamu na vitu vingine, kwa hiyo lazima kwanza uandike 0 kwenye D000 ndo mlango sahihi ufunguke, la sivyo unasoma programu ya gemu ukidhani ni majina. Mtego wa pili: 5101 ina nafasi 256 lakini kila nafasi ni biti 4 tu, nusu ya baiti. Mara ya kwanza nimesoma mara mbili nikapata majibu tofauti nikaogopa memori inabadilika, kumbe tofauti zote ziko kwenye biti 4 za juu ambazo hazijaunganishwa na kitu, zinaelea tu. Ukizitupa hizo, usomaji wa kwanza, wa pili na wa tatu unafanana namba kwa namba.

Halafu unakaa na kalamu. Kila nafasi ni tarakimu moja, kwa hiyo 187450 inakula nafasi sita: 1, 8, 7, 4, 5, 0. Herufi moja inakula nafasi mbili za msimbo wake (kwenye namba hizi za kompyuta baada ya 9 zinafuata A mpaka F), Z ni 5 na A, N ni 4 na E, B ni 4 na 2. Mtu mmoja kwenye orodha anakaa kwenye nafasi 12. Watu wanane ni 96. Nimeipata ile safu yake nikaizungushia kalamu nyekundu kwenye karatasi, nafasi kumi na mbili za biti nne, yaani baiti sita, ndo alichobakiza yeye humo ndani, na hizo baiti sita zimekaa zinangoja miaka yote hiyo kwa umeme mdogo wa betri inayovuja.

Siku ya 8

Uthibitisho. MAME, emuleta (programu ya kompyuta inayoiga mashine za gemu) ambayo ilianza 1997 na ndo imebeba sehemu kubwa ya kazi ya kutunza hizi gemu, ina folda ya memori zisizofutika kwa kila mashine inayozihitaji, na ya Defender ni faili la baiti 256 tu. Nimetengeneza faili kutoka kwenye usomaji wangu, nimeliweka pale, nimewasha. Orodha imetokea, wote wanane, ZNB wa tatu, sawasawa na picha. Nakala nimeweka sehemu tatu tofauti na moja nimeichapisha kwenye karatasi kwa sababu karatasi haihitaji programu kusomeka.

Sasa ndo naweza kusema hii orodha imeokoka.

Siku ya 9

Pac-Man. Hii haikumbuki kabisa, hamna betri hamna chochote, na wala haina herufi, ni namba moja tu juu ya skrini, ukizima imekwenda. Mzee anasema kwake ilikuwa na daftari pembeni, watu wanaandika kwa mkono. Nimemwambia alitafute hilo daftari kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kwa mashine hii daftari ndo kumbukumbu halisi na bodi ni ya kuchezea tu.

Na hata ingekuwa inakumbuka, namba yenyewe ina tarakimu sita. Pointi kamili za Pac-Man, ukila kila kitu kwenye raundi zote mpaka ile ya 256 ambako nusu ya skrini inavurugika, ni 3,333,360, na mashine ingekuonyesha 333,360. Asteroids ndo zaidi. Novemba 1982 Scott Safran alifika 41,336,440 kwenye Asteroids, rekodi iliyodumu mpaka 2010, na ile mashine inarudi sifuri kila ikipita 99,990, maana yake kaunta ilizunguka mara 413 na skrini mwishoni inaonyesha 36,440 tu. Zilizobaki zilikuwa kwenye macho na hesabu za watu waliosimama pale. Ndo maana mtu kama Walter Day kule Ottumwa, Iowa, aliyeanzisha ukumbi wa gemu wa Twin Galaxies na mwaka 1982 akaanza kukusanya rekodi kutoka kumbi mbalimbali, alifanya kazi ambayo hakuna chipu ingeifanya. Mimi ni mtu wa bodi lakini hili nalikubali kabisa: bodi peke yake haitoshi.

Siku ya 11

Hata hivyo mzee anataka Pac-Man yake ikumbuke kuanzia sasa, na kuna vibodi vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ya Z80, prosesa ya Pac-Man, vinavyofanya hivyo. Nimeamua kutengeneza cha kwangu ili nielewe. Namba iko 4E88 mpaka 4E8A, baiti tatu, tarakimu mbili kila baiti. Nikaandika programu ya kusoma hizo baiti tatu na kuzitunza, mashine ikiwaka inazirudisha.

Haikufanya kazi. Unawasha, sifuri. Nimehangaika jana na leo, nimebadilisha chipu ya kutunzia mara mbili, nikaanza kulaumu kuchomelea kwangu. Kosa lilikuwa la mpangilio wa muda: Pac-Man ikiwaka inapima memori yote kwa kuiandika na kuifuta, na mimi nilikuwa narudisha namba kabla haijamaliza kufuta, kwa hiyo naweka na yenyewe inafagia. Faili la hiscore.dat wanalotumia kwenye MAME lilishatatua hili zamani, halirudishi kitu mpaka lione baiti ya mwanzo na ya mwisho ya eneo husika zina thamani zile ambazo gemu yenyewe huweka ikimaliza kujiandaa, hapo ndo linaingiza za kwako. Nimefanya vivyo hivyo.

Siku ya 12

Namba sasa inarudi kwenye memori lakini kwenye skrini haionekani! Gemu inachora ile namba ya juu pale tu inapovunjwa, kwa hiyo lazima urudishe na tarakimu zilizochorwa kwenye memori ya skrini, zile sita zinazoanzia 43ED. Nimeongeza. Imekubali. Nimezima na kuwasha mara ishirini, mara zote ishirini iko pale.

Siku ya 14

Centipede, fupi. Hii haina betri, ina chipu iitwayo ER2055, baiti 64, inayotunza bila umeme wowote, na Atari waliitumia pia kwenye Tempest. Inatunza watatu wa juu tu, wa nne kushuka chini wanafutika kila ukizima. Naona huo ulikuwa uamuzi mgumu kwa yule aliyeupanga, ila kwa baiti 64 na mambo mengine ya kuhifadhi humohumo angefanyaje. Watatu wa zamani wanasomeka vizuri, nimewapiga picha na kuwanakili. Shida ilikuwa haiandiki wapya, kwa sababu chipu hii inataka volti hasi karibu 30 na saketi inayozitengeneza ilikuwa imechoka, kapasita mbili zimekauka. Nimebadilisha, inaandika.

Siku ya 16

Defender tena, swali la betri za kudumu. Kuna chipu za kisasa za FRAM ambazo hazihitaji betri kabisa na nimeshazitumia kwingine, lakini uwe makini, FM1608 kwa mfano inashika anwani pale tu mguu wa kuichagua unaposhuka, na kwenye bodi inayouacha huo mguu chini muda wote haitasoma sawa. Halafu 5101 ina miguu 22 na mpangilio wake, ingehitaji kibodi cha kati. Nimeona chipu iliyomshika ZNB miaka yote hii ibaki hapohapo. Betri nimezihamishia chini kabisa ya kabati, kwenye kishikio chenye waya mrefu na dayodi, zikivuja zitavujia mbao. Nimeandika tarehe ya kuzibadilisha kwenye stika, na maelekezo kwamba zibadilishwe mashine ikiwa imewashwa ili chipu isikose umeme hata sekunde.

Mzee kauliza kama naweza kuifunga orodha isibadilike tena, ili hata akitokea mchezaji mkali dada yake abaki wa tatu. Inawezekana, unaziba njia ya kuandika tu. Nimemwambia ukweli wangu: orodha ikifungwa hakuna atakayeshindana naye tena, itakuwa kama picha ya ukutani, na picha tayari anayo, na faili analo, na karatasi anayo. Lakini mashine ni yake na dada ni wake, aamue yeye. Akasema atafikiri.

Siku ya 19

Nimerudisha zote tatu. Defender ilikaa imezimwa siku mbili nzima kwa betri mpya peke yake, bila umeme wangu wa nje, na leo asubuhi kabla ya kuipakia nimehakikisha: ZNB 187450, ya tatu.

Kwake ameichomeka mwenyewe. Tukasubiri ijipime, tukasubiri izungushe maonyesho yake mpaka orodha ikafika, akaisoma kimya, ikapita, akasubiri izunguke tena ikaja mara ya pili. Nikamuuliza vipi mzee, niifunge? Akatikisa kichwa hapana. Akasogea karibu, akaangalia vile vitufe vyote vitano na ile fimbo, akasema yeye alikuwa anamwangalia tu dada yake, hajawahi kucheza hata siku moja, kipi ni cha kuanzia?

Nikamwonyesha.